Sauti Inapokwaruza Katika Rekodi, Tatizo Liko Wapi?



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha kijijini kina kompyuta ya kubeba, maikrofoni moja au mbili, na kile kisanduku kidogo cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta. Kwaya zinarekodi nyimbo zao. Vikundi vya akina mama vinarekodi mafunzo ya ukulima na afya, ili wale waliokosa mkutano nao wasikie. Wengine wanatayarisha vipindi vya redio za jamii, na wengine wanahifadhi maneno ya wazee. Kazi hizi zote ni njema. Lakini swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: "Mbona tukisikiliza tulichorekodi, sauti inakwaruza na kupasuka kama redio iliyoishiwa na betri? Ama tuliuziwa kifaa kibovu?"

Mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichokosekana ni kukitumia kwa kipimo. Lakini kabla ya kuwaeleza ninyi, tuungame kwanza kosa letu sisi wenyewe.

Kosa tulilofanya

Tulikwenda kumrekodi mzee mmoja. Alikuwa amebaki peke yake kati ya wale walioshuhudia makubaliano ya koo mbili juu ya chemchemi: nani achote wapi, ng'ombe wapitie wapi, na miti gani isikatwe. Alizungumza saa moja na nusu bila kuchoka. Sisi tulikuwa tukiona taa nyekundu ya kisanduku ikiwaka na kuzimika, tukafikiri ni dalili kwamba kinafanya kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyevaa hedifoni masikioni.

Tulipofika ofisini tukasikiliza. Pale mzee alipozungumza polepole, sauti ilikuwa safi kabisa. Lakini kila alipokaza sauti ili kutaja jina la mtu au alama ya mpaka, maneno yalipasuka yakawa kelele tupu. Tukasema, si kitu, tutarudi. Kabla hatujarudi, mzee akaaga dunia. Baadaye kikundi cha maji kilipotaka kupitisha bomba, watu wakabishana juu ya mpaka ule ule, wakatuomba ile rekodi. Tulikuwa nayo, lakini haikumsaidia mtu.

Ndiyo sababu tunaandika makala haya. Sauti ikiharibika wakati wa kuingia, ni vigumu mno kuitengeneza baadaye, na maneno yanayoharibika kwanza ni yale yaliyosemwa kwa nguvu. Mara nyingi hayo ndiyo yenye maana zaidi.

Kisanduku hiki kinafanya kazi gani?

Sauti ni mtikiso wa hewa. Maikrofoni, au maiki kama wengi tunavyoiita, inageuza mtikiso huo kuwa umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu za volti moja. Kisanduku kinapokea umeme huo na kufanya kazi mbili. Kwanza kinauongeza nguvu. Pili kinaupima mara nyingi sana kila sekunde, mara 44,100 au mara 48,000, na kila kipimo kinaandikwa kama namba. Namba hizo ndizo zinazopita katika waya wa USB hadi kwenye kompyuta. Mafundi wanakiita kadi ya sauti ya nje, kwa kuwa kompyuta ina kadi yake nyingine ndani.

Wale mlio na miradi ya maji mtaelewa upesi. Maji yakifika kwenye mfereji yakiwa machafu, hamwendi kununua mfereji mpya. Mnafuata bomba kutoka mwisho hadi mwanzo mpaka mpate mahali uchafu unapoingilia. Sauti nayo ina bomba lake: kinywa, maiki, waya wa maiki, kisanduku, waya wa USB, kompyuta na programu yake, halafu hedifoni au spika. Shida inaweza kuingia popote hapo. Kazi yenu ni kupata ni wapi.

Mambo mawili ya kuhakikisha kwanza

Kwanza, je, ni rekodi iliyoharibika au ni spika? Chezeni kitu kingine mnachojua ni kizuri, kwa hedifoni zile zile au spika ile ile. Kama nacho kinakwaruza, rekodi yenu haina makosa. Badilisheni hedifoni au punguzeni sauti ya spika.

Pili, je, kompyuta inasikiliza kisanduku kweli? Kompyuta nyingi za kubeba zina maiki yao ndogo ndani. Mara nyingine mnafikiri mnarekodi kwa maiki ya mezani, kumbe kompyuta inatumia ile yake, na sauti inasikika kutoka mbali pamoja na kelele za feni. Jaribio lake ni rahisi. Mmoja avae hedifoni, mwingine akwaruze maiki kidogo kwa ukucha huku programu ikirekodi. Kisha akwaruze karibu na kioo cha kompyuta. Sikilizeni ni mkwaruzo upi uliosikika kwa nguvu. Kama ni wa kompyuta, ingieni katika programu na mchague jina la kisanduku mahali pa kuchagua chombo cha kurekodi. Katika Audacity, programu ya bure inayotumiwa na wengi, uchaguzi huo uko karibu na vitufe vya kurekodi.

Mkishahakikisha hayo mawili, sikilizeni aina ya ubovu. Kila ubovu una dalili zake, kama ugonjwa.

Dalili ya 1: Sauti inapasuka mtu anapopaza sauti tu

Huu ndio ubovu wa kawaida kuliko yote, na ndio uliotupata sisi. Kisanduku kina dari yake. Sauti ikipita dari hiyo, sehemu ya juu inakatwa, kama ua la mabati lilivyokatwa sawasawa. Mkitazama picha ya mawimbi katika kompyuta, vilele havina ncha. Viko bapa.

Dari hiyo inaandikwa sifuri kwenye kipimo cha programu, na vipimo vyote vya chini yake ni vya desibeli chini ya sifuri: 6, 12, 18 na kuendelea. Kila mnaposhuka desibeli 6, ukubwa wa wimbi unapungua kwa nusu hivi. Lengo zuri ni kwamba maneno makali kabisa yafike desibeli 12 hivi chini ya sifuri. Hapo mtakuwa mmeacha nafasi ya mtu kucheka au kushangilia ghafla. Wengine husema ati ni lazima ujaze kipimo ndio sauti iwe nzuri. Hiyo si kweli. Ndoo ikijazwa hadi ukingoni, mbebaji akijikwaa kidogo tu maji yanamwagika.

Dawa: tafuteni kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa GAIN juu ya kisanduku chenyewe, mkipunguze mpaka taa nyekundu isiwake hata mara moja. Kama kisanduku kina kitufe cha PAD, hicho kinapunguza nguvu kwa kiasi kikubwa kwa mara moja. Kinafaa ngoma na kwaya kubwa.

Angalieni jambo hili. Msipunguze ndani ya programu peke yake. Mara nyingi programu inapokea sauti ambayo tayari imekatwa. Ukiipunguza hapo inakuwa ndogo, lakini vilele vyake vinabaki bapa vile vile.

Dalili ya 2: Kipimo kiko chini, lakini bado inakwaruza

Hapa mjue kwamba ubovu umeingia mapema zaidi katika bomba. Chunguzeni haya:

(a) Mlango usiofaa. Umeme unaotoka kwenye miksa ya kanisa si kama wa maiki. Wa miksa unakaribia volti moja au unaipita, mamia ya mara kuliko wa maiki. Ukiuingiza katika tundu la maiki, kisanduku kinalemewa hata kitufe kikiwa chini kabisa. Tafuteni tundu au swichi iliyoandikwa LINE. Swichi ya INST ni ya gitaa, isitumiwe kwa miksa. Vile visanduku vidogo sana vya bei nafuu, vyenye matundu mawili tu, mara nyingi lile la waridi ni la maiki peke yake na lile la kijani ni la hedifoni. Hivyo havifai kuunganishwa na miksa moja kwa moja.

Na tafadhali, msiunganishe kamwe waya wa spika unaotoka kwenye amplifaya na kisanduku. Umeme ule una nguvu ya kusukuma spika. Unaweza kuunguza kisanduku na hata kuharibu kompyuta.

(b) Nyongeza ya siri katika kompyuta. Katika kompyuta za Windows, visanduku vingine vidogo vinapata nyongeza inayoitwa BOOST katika mipango ya maiki. Inaweza kuongeza desibeli 10, 20 au 30. Iwekeni sifuri. Pia zimeni sehemu zozote zinazodai kuboresha sauti au kuipandisha zenyewe. Hizo zinafaa mazungumzo ya simu. Katika kurekodi zinaivuta sauti juu na chini bila mpango.

(c) Maiki yenyewe. Maiki nyingine zina betri ndogo ndani, na betri ikichoka sauti inakwaruza. Maiki za aina ya kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwa kisanduku. Tafuteni kitufe kilichoandikwa 48V. Kabla ya kukibonyeza, shusheni sauti ya spika na hedifoni, kwa sababu hutoa kishindo. Maiki iliyoanguka chini mara nyingi inaweza kuwa imeharibika ndani. Ijaribuni kwenye kifaa kingine.

(d) Kinywa kukaribia mno. Herufi kama "p" na "b" zinatoa pumzi inayogonga maiki kama upepo. Msemaji akae umbali wa shubiri moja hivi, na maiki ielekezwe pembeni kidogo mwa kinywa. Nje kwenye upepo, ifunikeni kwa kofia yake ya sponji.

Dalili ya 3: Tak-tak na kukatika, hata mtu akinong'ona

Kama mikwaruzo inakuja wakati wowote bila kujali ukubwa wa sauti, msiguse kitufe cha GAIN. Tatizo ni la namba kutofika kwenye kompyuta kwa wakati.

Ndani ya kompyuta kuna kitu kama tangi dogo la kungojea, kinachoitwa bafa. Namba zinatua hapo kabla ya kuandikwa. Tangi likiwa dogo mno na kompyuta ikiwa na kazi nyingi, namba zingine zinapotea, nasi tunasikia tak-tak. Ingieni katika mipango ya kisanduku au ya programu, muongeze bafa. Kama ni 128, jaribuni 512 au 1,024. Mtasikia sauti ikichelewa kidogo katika hedifoni, lakini rekodi itakuwa nzima.

Fungeni programu nyingine zote. Zimeni intaneti wakati wa kurekodi. Chomekeni kisanduku kwenye kompyuta moja kwa moja, wala si kupitia kigawanyo cha USB, kwa maana visanduku vingi vinakula umeme wa kompyuta kupitia waya huo huo. Waya wa USB uliolegea nao ni adui, basi jaribuni mwingine.

Dalili ya 4: Sauti ya mtu mzima imekuwa ya mtoto, au nzito kama ya mlevi

Hapa kisanduku na programu hazikubaliani juu ya idadi ya vipimo kwa sekunde. Mkirekodi kwa 48,000, halafu programu ikacheza kama ni 44,100, mazungumzo ya dakika 60 yatachukua dakika 65 hivi na sauti zitakuwa nzito. Ikiwa kinyume, yataisha kwa dakika 55 hivi na sauti zitakuwa nyembamba. Mara nyingine kutopatana huku kunaleta mikwaruzo tu. Chagueni namba moja, mkaiweke ile ile kila mahali: katika kisanduku, katika mipango ya kompyuta na katika programu.

Huu ni ubovu wenye huruma. Kama namba zote zimeandikwa, rekodi inaweza kurekebishwa kwa kuiambia programu kasi iliyo ya kweli.

Dalili ya 5: Mvumo "mmmm" usiokoma

Stima ya hapa kwetu inabadilika mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo mnausikia ukiingia katika nyaya. Chomoeni chaja, mrekodi kwa betri ya kompyuta. Mvumo ukiisha, basi ulikuwa unapitia chaja. Mkilazimika kutumia stima pamoja na miksa, chomekeni kompyuta na miksa katika soketi moja ya ukutani. Tengeni nyaya za maiki na nyaya za stima, na msiweke kompyuta karibu na invata ya sola.

Kuna wanaokata waya wa ardhi katika plagi ili kuondoa mvumo. Msifanye hivyo. Waya ule ndio unaowalinda na kifo. Afadhali rekodi yenye mvumo kuliko mtu aliyepigwa na stima.

Kanuni ya fundi

Mkishindwa kujua dalili, badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, msikilize, kisha mwandike mlichobadilisha. Waya mwingine wa maiki. Kisha maiki nyingine. Kisha tundu lingine la kisanduku. Kisha kompyuta nyingine. Mkibadilisha vitu vitatu pamoja na sauti ikapona, hamtajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na wiki ijayo mtaanza upya.

Na rekodi iliyokwisha kuharibika?

Ziko njia. Audacity ina sehemu ya kurekebisha vilele vilivyokatwa. Inatazama pande mbili za kilele na kukisia kilichokuwa katikati. Kama vimekatwa vichache na kidogo, inasaidia. Kama maneno yamepasuka kabisa, haiwezi kurudisha kile ambacho hakikuandikwa. Sisi tuliijaribu kwa ile rekodi ya mzee, na majina hayakupatikana. Mkitaka kujaribu, fanyeni juu ya nakala, mhifadhi ile ya kwanza.

Kabla mgeni hajaanza kusema

Tunashauri kila kikundi kichague watu wawili wa kurekodi, na wafuate utaratibu huu kila mara:

1. Fikeni nusu saa mapema. Unganisheni vyombo na kukwaruza maiki kwa ukucha.

2. Kama kisanduku kina uchaguzi wa biti 24, chagueni hiyo badala ya 16. Biti 16 zinatoa ngazi 65,536 za kupima sauti, na biti 24 zinatoa zaidi ya milioni 16. Hivyo hata mkirekodi kwa sauti ya chini, mnaweza kuipandisha baadaye bila kuiharibu.

3. Mwombeni msemaji azungumze kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya shamba. Kama ni kwaya, waimbe ule ubeti wenye nguvu zaidi, pamoja na ngoma. Watu wakijaribu huwa wananong'ona, kisha wakianza kazi wanapaza sauti. Pimeni kwa ile sauti kubwa.

4. Wekeni GAIN ili kilele kifike 12 chini ya sifuri. Taa nyekundu maana yake ni simama.

5. Rekodini dakika moja, msimamishe, msikilize kwa hedifoni. Msiamini macho peke yake.

6. Wakati wa kazi mmoja asivue hedifoni. Sauti ikipasuka, amwombe mgeni kwa heshima: "Mzee, samahani, tafadhali turudie hapo." Hakuna mzee atakayekasirika kwa kuombwa arudie jambo lake la maana.

7. Kabla ya kuondoka, sikilizeni mwanzo, katikati na mwisho. Kisha hifadhini nakala mbili katika vyombo viwili.

Ndugu wasomaji, mtaona kwamba karibu dawa zote hizi hazihitaji fedha za kikundi. Kupunguza kitufe ni bure, na kusikiliza ni bure. Kwa hiyo kabla ya kuitisha mchango wa kununua kisanduku kipya, kaeni chini kwenye mkutano wenu ujao na mfuate sauti kutoka kinywani hadi kwenye kompyuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Na katika kila kijiji bado yuko mzee au bibi ambaye hatujamsikiliza. Tukienda kwake, twende tukiwa tayari.